MLEVI SIO JAJI: IPE POMBE YAKO ALAMA KABLA HUJAIUZA

Wapambanaji wenzangu wa Singida, kuanzia mjini mpaka Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni.

Leo naongea na wanaopika pombe ya mtama na uwele. Tuambiane ukweli: wiki hii inatoka tamu, wiki ijayo mbaya, halafu bei ni ile ile. Ukiuliza unajibiwa "pombe ni pombe". Mimi nakataa. Mteja hafuati kulewa tu, anafuata ladha aliyoizoea. Akiikuta imebadilika mara mbili anahamia kwa jirani, na wala hakuagi.

Mimi napika, na kila pipa nalipa alama kabla ya kuuza. Utaratibu wenyewe upo. Marekani, majaji wa mashindano ya bia zinazopikwa nyumbani wanatumia alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, na kwa ujumla wake 10. Hata bia ya kahawia ya Kiingereza, ambayo kwa rangi haiko mbali sana na pombe yetu, inapimwa hivyo hivyo. Umeona? Mwonekano ni 3 tu! Sisi tunahangaika na vikombe vipya wakati pesa iko kwenye harufu na ladha.

Nafanya hivi:

1. Naonja asubuhi kabla sijala kitu. Funda moja linatosha. Ukishamaliza kikombe, wewe sio jaji tena.

2. Harufu: nataka nisikie nafaka na uchachu mwepesi. Ikinuka siki au kitu kilichovunda, alama zinashuka.

3. Ladha: utamu wa kimea uwepo kidogo, uchachu usizidi, uchungu usibaki kooni.

4. Mdomoni: iwe nzito kama uji mwepesi, isiwe na machicha yanayokwama kwenye meno.

5. Naandika kwenye daftari: tarehe, nafaka nilinunua wapi, kimea kiliota siku ngapi, alama ngapi. Ukipata pipa la alama 42, daftari ndilo litakukumbusha ulifanyaje.

Tafuta na watu wawili wa kuonja, wasiokudai wala usiowadai. Mteja wa mkopo atasifia hata siki!

Msimamo wangu: chini ya alama 30, napunguza bei na namwambia mteja sababu. Chini ya 20, siuzi. Inauma, maana hela ya kuni, maji na nafaka imeshatoka, na ada ya mtoto inasubiri. Ila hasara ya pipa moja inaisha wiki hiyo hiyo. Jina likishaharibika, utalilipia miaka.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Kuna kitu ulimi hauwezi kukupimia: sumukuvu. Huwezi kuionja, huwezi kuinusa, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa, na mahindi yaliyoliwa ndiyo yalikuwa chanzo. Kwa hiyo jaji wa kwanza ni jicho lako, kabla hata hujaloweka. Wapo wanaosema nafaka yenye ukungu "ipeleke kwenye pombe, hakuna atakayejua". Hapo mimi sina mjadala. Huyo anayekunywa ni baba wa mtu, na kesho ndiye mteja wako. Kimea nacho kianike juani kikauke kweli, usikifungie kwenye gunia kikiwa na unyevu.

Na leseni ya kuuza pombe uwe nayo, watoto wasiuziwe.

Pipa lako la mwisho ungelipa alama ngapi kati ya 50? Jibu kwa ukweli, kisha mtumie mpishi mwenzako aone.