Ukurasa wa Jamaa: Sadaka si barieri



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia kanisani: makuta. Pasta akianza tu kuzungumza juu ya sadaka, mmoja anaangalia saa, mwingine anatoka nje kama mtu aliyeitwa. Na njiani watu wakirudi nyumbani utasikia: "Kila siku ya yenga makuta, makuta! Mungu anakosa nini?" Mwingine anaongeza: "Pasta anakulaka makuta yetu." Tusiwakasirikie. Tuwasikilize kwanza, kwa maana ulizo lao lina mzizi hapa hapa kwetu.

TUMEZOEA KUKATWA

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunajua sana kutoa kwa lazima. Kumbuka Bisie, katika Walikale. Tangu kasiterite ilipoanza kuchimbwa kule, karibu na mwaka 2002, vijana walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, wakipita porini mpaka kufika Njingala kwenye barabara. Njiani ilikuwa kamba baada ya kamba: hapa toa makuta, pale acha kilo za mawe. Rubaya, katika Masisi, wachimbaji wa koltani wanajua habari ile ile. Na mama anayetoka Kingi na maharagi yake ya kuuza, yeye pia anajua kamba iliyofungwa barabarani. Wanaosimama kwenye kamba wanabadilika, leo hawa, kesho wale. Lakini kamba inabaki.

Basi mtu aliyekatwa siku sita, siku ya saba anaona kikapu cha sadaka kinapita mbele yake. Moyo wake unasema: "Hii nayo ni barieri, tofauti ni kwamba hapa wanaimba."

Ndugu, hapana. Barieri inakudai juu ya nguvu yake, na wewe unalipa juu ya woga. Hakuna anayekuuliza moyo wako unasema nini. Sadaka ni kinyume kabisa. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto (2 Kor. 9:7) kwamba kila mtu aamue mwenyewe moyoni mwake, bila huzuni na bila kulazimishwa. Kumbe sadaka inaweza kuwa kitu kimoja tu katika juma lako lote ambacho hakuna mtu aliyekunyang'anya. Umekitoa wewe. Mtu anayenyang'anywa kila siku, siku akitoa kwa kupenda, anasimama kama mtu huru mbele ya Mungu wake.

Na tuseme wazi: kanisa linalofunga mlango mpaka watu watoe, ao linalosoma majina ya wasiotoa ili waone haya, ao linalokataa kuzika maiti kwa sababu marehemu alibakia na deni la zaka, kanisa hilo limefunga kamba yake barabarani. Lisishangae watu wakilikimbia.

IMANI IKO WAPI?

Kijana unayeshuka shimoni, sikia. Unajua tabia ya makuta ya shimo. Leo mawe yameonekana. Kesho maji yameingia, ao udongo umeanguka, ao bei imeshuka kule Goma na negosia anakuambia urudi juma lijalo. Juu ya hiyo wengi wanamaliza yote usiku ule ule: bia, kasiksi, wanawake, deni la jana. Wanasema: "Kesho naweza kufa." Angalia vizuri, hiyo nayo ni imani. Ni imani kwamba hakuna kesho, na hakuna anayekuangalia.

Mtu anayetenga sehemu ya Mungu kwanza, kabla ya kuonja kitu, anasema neno lingine. Anasema: "Uhai wangu hauko ndani ya shimo, wala hauko mkononi mwa negosia. Aliyenipa leo ataniona na kesho." Hapo ndipo imani ilipo. Haiko katika ukubwa wa noti, iko katika kuachilia kitu ambacho hofu inakuambia ukishike.

Paulo anatuonyesha pia njia ya kufanya (1 Kor. 16:2): siku ya kwanza ya juma, kila mtu atenge kadiri alivyofanikiwa. Shika neno hilo, kadiri. Wenye kutoa fungu la kumi wanahesabu hivi: ukipata franka 20.000, ni 2.000. Ukipata 5.000, ni 500. Ukikosa kabisa, Mungu hakuandikii deni. Yule mjane wa Marko 12:41-44 alitoa sarafu mbili ndogo, na Yesu akamweka mbele ya matajiri wote waliotoa nyingi. Watu walihesabu kilichoingia sandukuni. Yesu alihesabu kilichobaki nyumbani.

Na kuna faida ambayo vijana wengi hawaioni. Mkono uliojifunza kutenga sehemu ya Mungu unajifunza pia kutenga ya masomo ya mdogo wako, ya dawa, ya kununua mbuzi wa kufuga. Mkono unaomwaga tu, hata ukipata mawe mengi namna gani, unarudi nyumbani mtupu.

SI DAWA YA SHIMO

Siku hizi kuna wahubiri wanaosema: "Panda dola 10, Mungu atakurudishia 100." Hiyo si sadaka, ni bahati nasibu. Na kuna wachimbaji wanaoleta bahasha ili Pasta aombee shimo litoe mawe kuliko shimo la jirani. Kuwaombea wanaoshuka chini, Mungu awalinde wapande salama, ni vizuri sana, na tufanye bila kulipwa. Lakini Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa makuta, na Petro alimkemea kwa ukali (Matendo 8:18-20). Mungu si mtu wa kutiwa kitu mfukoni ili akupitishe mbele ya wengine. Na mwenye bahasha nzito asipewe kiti cha mbele, huku mama mwenye franka 200 akisimama mlangoni. Yakobo aliisha kukataza hiyo (Yak. 2:1-4).

MIKONO INAYOTOA

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Tuseme mabati ya kanisa lenu yametoboka, na mvua ya Masisi munaijua. Negosia mmoja, mshiriki wa kanisa, anasimama na kusema: "Mabati yote nitaleta mimi." Watu wanapiga vigelegele. Lakini wachimbaji wanaomuuzia wanajua kwamba mizani yake inadanganya, na kuna vijana waliotumika kwake miezi miwili bila kulipwa. Wengine wao wamekaa siku hiyo hiyo katika kanisa hilo hilo, wanasikia vigelegele. Komite ifanye nini?

Wengi watasema: "Mabati ni mabati." Biblia haisemi hivyo. Torati (Kumb. 23:18) ilikataza kuleta nyumbani mwa Mungu malipo ya kazi ya aibu. Hata makuhani waliomnunua Yesu, Yuda alipowarudishia fedha, waliogopa kuiweka katika hazina ya hekalu kwa sababu ilikuwa bei ya damu (Mat. 27:6). Na Yesu mwenyewe alifundisha (Mat. 5:23-24) kwamba ukikumbuka mbele ya madhabahu kuwa ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, nenda upatane naye kwanza.

Tusikose kusikia vizuri. Hatusemi jasho la mchimbaji ni uchafu. Kijana anayepiga nyundo chini ya udongo na kukatwa njiani hana kosa la aliyemkata, na franka yake ni safi kama ya mkulima. Wala hatusemi tumfukuze yule negosia. Zakayo alikuwa nani? Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, yaani mtu wa barieri! Yesu hakupita mbali naye, aliingia nyumbani mwake. Na Zakayo alipoguswa hakukimbilia kujenga hekalu. Alisema atawapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne (Luka 19:8). Alianza na watu.

Basi wazee wa kanisa wamwendee ndugu yule nyumbani, kwa upole, si mbele ya watu wote, wamwambie: "Papa, tunashukuru. Walipe vijana kwanza, rekebisha mizani, kisha leta mabati, na sisi tutaimba pamoja nawe." Akikubali, kanisa limepata mabati na limempata ndugu. Akikataa, mvua inyeshe ndani. Heri kuomba chini ya mabati yanayovuja kuliko kukauka chini ya machozi ya watoto wa wengine.

Neno hili ni la kila nyumba pia. Kuna papa anayetoa vizuri siku ya yenga ili aonekane, huku mtoto amerudishwa toka masomo na mama watoto hana chumvi. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7:11-13). Sadaka isile chakula cha mtoto. Mara nyingi, ukipiga hesabu vizuri, utaona kinachokula vyote viwili ni chupa.

KANISA NALO LITOE HESABU

Yule anayesema "Pasta anakulaka makuta yetu" hajibiwi kwa laana. Anajibiwa kwa daftari. Paulo, alipokuwa akipeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, hakwenda peke yake. Alitaka ndugu wengine waende pamoja, ili mambo yawe sawa mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2 Kor. 8:20-21). Kama Mtume hakuona haya kuangaliwa, nani kati yetu ataona haya?

Watu wawili ao watatu wahesabu pamoja, palepale, siku ile ile. Waandike na watie saini. Kila mwezi kitabu kisomwe mbele ya washiriki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sehemu iliyowafikia wajane, wagonjwa na waliokimbia vita. Na kazi ikitimia, watu waambiwe imetosha. Musa alifanya hivyo. Watu walileta kuliko iliyohitajiwa kwa kujenga hema, naye akatangaza kambini wasilete tena (Kut. 36:5-7).

KANISA NI LETU

Makanisa mengi ya kwetu yalianzishwa na wamisionere. Kazi ambayo leo ni 8e CEPAC, kwa mfano, ilianzishwa na Wapentekoste toka Uswidi mwaka 1921. Tunawashukuru. Lakini mtoto hanyonyi mpaka aote ndevu.

Kule Namirembe, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa na wadogo walibeba udongo na matofali ili kujenga kanisa kubwa. Mwaka 1910 radi ikaliunguza. Walianza tena, na jipya likamalizika mwaka 1919. Kenya, mwaka 1971, mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri alisema akiwa Marekani kwamba wamisionere na makuta ya ng'ambo visimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kutembea kwa miguu yao. Mwaka 1974 makanisa ya Afrika yaliyokutana Lusaka yaliunga mkono wazo hilo. Wapresbiteri wale walishika neno moja: Jitegemea.

Na sisi je? Miaka ya 1990 Serikali iliposhindwa kulipa walimu, ni wazazi waliobeba masomo mgongoni, miaka na miaka, mpaka shule ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019. Vita vilipofika mwaka 1996, na tena 1998, wageni wengi waliondoka. Kanisa halikuondoka, kwa sababu mama mwenye franka zake chache hakuondoka, ao kama alikimbia, alikimbia nalo moyoni na kuomba chini ya hema. Wakristo wa Makedonia walitoa wakiwa katika mateso na umaskini mkubwa (2 Kor. 8:1-4). Habari yao si ngeni kwetu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, sehemu ya Mungu inatengwa kwanza, ao inatafutwa katika mabaki?
2. Kuna mtu tunayemdai haki, ao anayetudai, ambaye inafaa tumwendee kabla ya siku ya yenga?
3. Mara ya mwisho kitabu cha makuta ya kanisa letu kilisomwa lini? Kama ni zamani, nani atauliza, na atauliza kwa heshima namna gani?
4. Vijana: makuta ya juma lililopita yalikwenda wapi?

Someni pamoja Luka 19:1-10, kisha ombeni. Bwana awalinde wanaoshuka shimoni na wanaowangojea nyumbani. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.