Uhuru wa Habari Uanzie Wilayani

Uhuru wa habari nchini kwetu Tanzania huzungumzwa zaidi gazeti linapofungiwa, na ni haki. MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yaliporuhusiwa kurudi Februari 2022, wasomaji na watangazaji wengi wa biashara walikwishazoea kuishi bila magazeti hayo. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi zikasitishwa kwa siku 30. Hayo tutaendelea kuyapigia kelele.

Toleo hili, hata hivyo, tunalianzia wilayani Kibiti. Novemba 21, 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia Mwananchi habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi, alifika kwa mkewe akiwa na wanaume kwenye gari jeupe. Kwa maelezo ya mke, alimuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akasema ana safari ya dharura. Hajaonekana tena. Miaka mitano kabla, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa na polisi kijijini Nyololo, Mufindi, wenzake wakipiga picha.

Wote wawili walikuwa mbali na makao makuu, na huko ndiko habari nyingi zinakotoka. Mwandishi wa wilayani hulipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, jasho lake limepotea. Nauli ni yake, bando ni lake, simu ni yake. Akifuata msafara wa mkuu wa wilaya, usafiri upo, chakula kipo, na pengine bahasha. Akitaka kujua fedha za kituo cha afya zimekwenda wapi, anapanda bodaboda kwa hela yake, kisha anarudi kuishi mtaa mmoja na aliowaandika. Hapo hahitajiki mtu wa kulifungia gazeti. Habari inakufa kabla mhariri hajaijua.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 tumeipinga, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliona Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye chombo awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Wamiliki wetu wengi wanaikwepa kwa njia rahisi kabisa: hawampi mwandishi mkataba, hivyo si mfanyakazi. Ni aibu kwetu sisi wa vyumba vya habari kudai uhuru kila Mei 3, Siku ya Uhuru wa Habari Duniani, huku tukimpeleka mtu mahali pa hatari bila hata barua ya kumtambulisha.

Tunataka mikataba na bima kwa waandishi wa wilayani, na nauli kabla ya safari. Kwa serikali, dai letu ni la zamani. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha serikali ikasema kauli hiyo ilieleweka vibaya. Familia yake inastahili taarifa kamili ya uchunguzi, kwa maandishi.