Kemikali za kutawanya mafuta baharini: Tiba au kuhamisha maradhi?

MAFUTA yanapomwagika baharini, macho ya wengi huelekea ufukweni. Picha za ndege waliolowa mafuta meusi huzibana serikali na makampuni zitende jambo, tena haraka. Ndipo ndege hupaa kunyunyizia kemikali za kutawanya mafuta, na baada ya muda utando mweusi hutoweka machoni. Je, mafuta hayo huwa yamekwenda wapi?

Ukweli ni kwamba hubaki baharini. Kemikali hizo hufanya kazi kama sabuni ya kuoshea vyombo. Molekuli zake zina upande mmoja unaoshikamana na maji na mwingine unaoshikamana na mafuta. Zikiingia kati ya vitu hivyo viwili, hudhoofisha nguvu inayoyafanya mafuta yajikusanye, na mawimbi huyakatakata kuwa matone madogo, mengi yakiwa na upana usiofikia sehemu ya kumi ya milimita. Matone hayo hayapandi juu kwa urahisi. Husambazwa na mikondo ya maji, na bakteria wanaokula mafuta huyashambulia kwa wepesi zaidi.

Kwa hiyo kemikali huyatoa mafuta juu na kuyashusha chini. Ndege wa baharini, fukwe na mikoko hupata nafuu, huku mayai ya samaki, kamba wachanga na matumbawe wakibebeshwa mzigo. Uamuzi wa kitaalamu hugeuka kuwa uamuzi wa nani aumie.

Uingereza iliujua uchungu wa jambo hili mapema. Machi 18, 1967, meli Torrey Canyon ilipasuka kwenye mwamba karibu na Cornwall ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Takriban tani 10,000 za kemikali za kusafishia zilimwagwa, nyingine moja kwa moja kwenye miamba ya ufukweni. Zilikuwa na sumu kali kuliko mafuta yenyewe. Miamba iliyosafishwa kwa kemikali hizo ilichukua zaidi ya muongo mmoja kurejea hali yake, ilhali ile iliyoachwa ilipona ndani ya miaka michache.

Tangu wakati huo zimetengenezwa kemikali zenye sumu ndogo zaidi, lakini mabishano hayakwisha. Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11. Katika siku 87 zilizofuata zilitumika lita milioni saba hivi za kemikali, na kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, sehemu yake ilipulizwa kwenye mdomo wa kisima, kina cha mita 1,500 hivi.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliiagiza kampuni ya BP kupunguza sana unyunyiziaji wa juu ya maji. Hata hivyo, Walinzi wa Pwani walitoa vibali vya kipekee mara kwa mara. Waliotetea hatua hiyo walikuwa na hoja: mafuta machache yalifika kwenye vinamasi vya Louisiana, na wafanyakazi waliokuwa juu ya kisima walivuta mvuke kidogo. Lakini miezi kadhaa baadaye watafiti walikuta chembechembe za kemikali hiyo zingali zinaelea kilindini.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si hadithi ya mbali. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kufikisha mafuta ghafi Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia. Mkoa huohuo una mikoko, matumbawe, wavuvi wengi na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Na hapa kuna jambo lisilopaswa kupuuzwa. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida. Ndiyo maana bomba limesanifiwa kupashwa joto la nyuzi 50 za Selsiasi. Yakimwagika katika maji ya Tanga, yenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yatakuwa mabonge. Kemikali za kutawanya hazipenyi mabonge. Zikinyunyiziwa zitaingia majini bure, na mafuta yatabaki yalivyo.

Hivyo, atakayeitegemea ndege ya kunyunyizia dawa kuwa ngao ya pwani hiyo atakuwa anajidanganya. Kinga halisi ni vizuizi vinavyoelea, vyombo vya kuzoa mabonge, mabaharia waliofunzwa, na ramani inayoonyesha ni ghuba ipi ilindwe kwanza.

Hata kwa mafuta mepesi zaidi yanayopita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, muda wa kutumia kemikali ni mfupi, mara nyingi siku moja au mbili kabla mafuta hayajachanganyika na maji na kuwa mazito. Muda huo hautoshi kuanza kubishana nani mwenye kauli. Mahali zinaporuhusiwa na mahali zinapokatazwa, hasa kwenye maji mafupi yenye matumbawe, panapaswa kuamuliwa mapema, wavuvi wakiwa mezani. Wao ndio watakaouliza, siku utando utakapotoweka, kama samaki wao bado wanalika.