Mausi Ikikata, Vidole Vipo

Wadau, leo naomba tuiache siasa kidogo. Nina hoja moja inayohusu vidole vyetu.

Siku hizi karibu kila kitu kinaungwa kwenye kompyuta bila waya. Mausi haina waya, spika za masikioni hazina waya, printa haina waya, na intaneti yenyewe inatoka kwenye simu. Safi kabisa! Lakini muulize anayebeba laptopu: muunganisho ukikatika, unaurudishaje? Wengi watakujibu, "nashika mausi, nabonyeza pale chini pembeni". Haya. Na kama kilichokatika ni hiyo hiyo mausi?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kujua kuongoza miunganisho hii kwa kibodi si mbwembwe za mafundi wa kompyuta. Ni jambo la msingi, na lilistahili kufundishwa siku ya kwanza mtu anapokalishwa mbele ya mashine.

Chukulia Kasoli, kule Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Msimu wa pamba, mwandishi anakwenda huko kufuata habari ya bei. Watu watamsalimia mwangaluka, watampa kiti na maneno yote anayotafuta. Kazi ya kuituma habari inabaki kwake. Ofisi yake ni laptopu iliyo magotini, mtandao wake ni simu, na chaji aliyonayo ndiyo hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja alikwama huko zaidi ya nusu saa. Mausi yake ya Bluetooth ilikata, na ile sehemu ya kugusa kwenye laptopu ilishakufa siku nyingi. Habari imeandikwa, picha zipo, mhariri anapiga simu... habari haiendi! Akawa anazima kompyuta na kuiwasha upya huku chaji inateketea. Jamani, bei ya pamba ya leo ikisomwa keshokutwa inamsaidia nini mkulima?

Tiba ilikuwa vitufe viwili. Kwenye Windows 11, iliyotoka 2021, shikilia kitufe cha Windows ubonyeze A. Kinafunguka kidirisha chenye waifai, Bluetooth na hali ya ndegeni. Tembea humo kwa mishale, kisha bonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi kuzima au kuwasha. Mara nyingi kuizima Bluetooth na kuiwasha tena kunatosha kuirudisha mausi. Windows na K hutafuta runinga au skrini isiyo na waya. Windows na I hufungua mipangilio yote, na humo unasogea kwa Tab, mishale na Enter. Mwenye Mac ashikilie Command abonyeze kitufe cha nafasi, aandike Bluetooth, apige Enter. Basi!

Ukishafika kwenye mipangilio, ongeza jambo moja. Fungua sifa za mtandao unaotoka kwenye simu yako, uiambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo, Windows inaweza kuuona kama waifai ya bure ya ofisini na kuanza kushusha masasisho kwa bando lako. Fedha yako hiyo, tena uliyoinunulia bando la kutumia kazini.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo madogo, mausi inatosha. Inawatosha wao. Asiyeona haihitaji mausi, kwa sababu hakioni hicho kishale kinachozunguka kwenye skrini. Ipo programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, NVDA, iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Anayeitumia huongoza kompyuta nzima kwa kibodi. Tunachokiita sisi njia ya mkato, kwake ndiyo barabara kuu. Darasa linalofundisha mausi peke yake limeshamfungia mlango kabla hajaingia.

Halafu kuna suala la lugha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Hatua kubwa ile! Hata hivyo, mpaka leo kompyuta nyingi tunazokutana nazo zinaongea Kiingereza. Anayepapasa menyu kwa mausi lazima asome kila mstari. Vitufe havikuulizi lugha. Mkulima akionyeshwa mara mbili, mara ya tatu vidole vinakwenda vyenyewe.

Sasa napendekeza hivi. Kila somo la kompyuta, shuleni au chuoni, litenge saa moja ambayo mausi zote zinafungiwa kabatini. Na vyumba vya habari vinavyotuma waandishi mikoani viwape zoezi hilo hilo kabla hawajapanda basi. Halihitaji mfadhili, wala semina yenye posho!

Ukitaka kujipima, fanya leo usiku. Weka mausi pembeni, zima waifai, iwashe, ungana tena na simu yako. Ukiweza, mfundishe na jirani. Ukishindwa, afadhali umejulia nyumbani kuliko kujulia Kasoli chaji ikiwa asilimia tano.

Naomba kutoa hoja.