Ngiri ya Diaframu: Tundu Hushonwa, Mapafu Je?

Kati ya watoto wapatao 3,000 wanaozaliwa, mmoja huwa na tundu kwenye diaframu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mara nyingi tundu liko upande wa kushoto. Matumbo, tumbo la chakula, pengine hata ini, hupanda kifuani mtoto akiwa bado hajazaliwa.

Kwa miongo mingi jibu lilionekana wazi: rudisha matumbo, shona tundu, na ufanye haraka. Mwaka 1946 Robert Gross wa Boston aliripoti kumpasua mtoto asiyetimiza saa 24, naye akapona. Tangu hapo watoto wa namna hii wakawa wanakimbizwa chumba cha upasuaji. Wengi walishonwa vizuri, wakafa vilevile. Kilichowaua ni mapafu.

Mapafu hayo hayakubanwa tu, hayakuumbika sawasawa. Mirija ya hewa imegawanyika mara chache, vifuko vya hewa ni haba, na kuta za mishipa ya damu ni nene kiasi kwamba damu hupita kwa shida. Hata pafu la upande usio na tundu huwa dogo. Mwaka 2000, Richard Keijzer na wenzake, waliochunguza panya wenye mimba waliopewa kemikali ya nitrofeni, walieleza kuwa yapo mapigo mawili: la kwanza huvuruga ukuaji wa mapafu yote kabla diaframu haijafunga, la pili ni matumbo kulikandamiza pafu la upande wenye tundu. Kwa kuwa tatizo kuu ni mapafu, leo mtoto hutulizwa kwanza, akapewa hewa kwa upole, na upasuaji ukasubiri.

Nchi tajiri zimekwenda mbali zaidi. Puto dogo huwekwa kwenye mrija mkuu wa hewa wa mtoto aliye tumboni, ili majimaji ya mapafu yasitoke na mapafu yatanuke. Majaribio yaliyoongozwa na Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, yalichapishwa mwaka 2021. Kwa watoto wenye hali mbaya zaidi, asilimia 40 walitoka hospitali wakiwa hai, dhidi ya 15 ya wasiowekewa puto. Kwa wenye hali ya wastani faida haikuthibitika. Tena, katika kundi la hali mbaya, karibu nusu ya akina mama ambao watoto wao waliwekewa puto, chupa ya uzazi ilipasuka mapema.

Je, nasi tulikimbilie puto hilo? Nasema si sasa. Mwaka huohuo utafiti wa nchi 74 kuhusu kasoro saba za kuzaliwa, hii ikiwemo, ulionyesha kuwa katika nchi maskini walikufa karibu asilimia 40 ya watoto, na katika nchi tajiri chini ya 6. Na hao ni waliofika hospitali.

Pengo hilo huanzia kliniki ya wajawazito. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mpimaji aliyefunzwa ataliona tumbo la chakula likiwa kando ya moyo, na mama atapewa rufaa ajifungulie penye wataalamu. Huko watajua kutompulizia mtoto hewa kwa barakoa, maana hewa hiyo hujaza matumbo yaliyo kifuani na kuzidi kuyabana mapafu. Watampitishia mpira wa kupumulia mara moja, na mwingine wa kutoa hewa tumboni.

Atakayesema ugonjwa huu ni adimu na fedha ni chache, aangalie fedha hizo zinanunua nini. Altrasaundi, gari la rufaa, oksijeni na wauguzi wa wodi ya watoto wachanga ndivyo pia vinavyomwokoa njiti na mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kwa hiyo bajeti ya afya ianze na mpimaji wa altrasaundi na wodi ya watoto wachanga katika kila hospitali ya mkoa. Mpasuaji hodari bila hivyo viwili atashona tundu tu, na mtoto ataendelea kufa kwa mapafu.