Tumesimama Mitubiri na Hakuna Anayesema Kitu

Sisi abiria wa gari moshi la Nanyuki hatuna ugomvi na mwendo wake. Tuliopandia Ruiru na tuliopandia Thika wote tunajua kwamba matatu ingetufikisha kwa saa tatu, nne hivi, na kwamba reli itakula siku yetu nzima. Hilo tulishalikubali. Nauli ni nafuu, watoto wanataka kuuona Mlima Kenya kupitia dirisha, na mama mwenye magunia habishani na makanga. Kinachotukera ni kusimamishwa porini bila kuambiwa neno.

Likitoka Thika gari huanza kwa madaha, mananasi kulia, mananasi kushoto. Halafu linapunguza mwendo, linapunguza tena, linazima. Mitubiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekata tiketi ya Mitubiri. Dakika za kwanza kila mtu anachezea simu. Baadaye wanaume wanashuka kunyoosha miguu, na kila behewa linapata fundi wake: huyu anasema injini imechemka, yule anasema tunangoja gari la mizigo linaloshuka, wa tatu anaapa kwamba dereva ameenda kula. Mfanyakazi mmoja anapita kwa haraka katika koti lake la njano. “Kuna nini, mkubwa?” “Tunaondoka sasa hivi.” Anapita tena wali wa watu ukiwa umeshaisha kwenye mikebe, na jibu ni lile lile.

Njaa inapokaza, mashamba ya mananasi tunayaangalia kwa macho tu. Sisi wa Thika tumesikia ya kutosha kuhusu walinzi na rungu zao, na tunawaonya wageni mapema.

Anayetuokoa ni mama wa mahindi. Anafika na karai lake kabla hata hatujajua kwamba tumekwama. “Leo mtakaa,” anasema, huku akigeuza hindi kwenye jiko. “Lile la kutoka juu bado halijapita.” Basi tumepata habari, na tumeipata kwa mtu asiye na sare, asiye na redio ya upepo, ambaye ameisoma reli kwa masikio yake tu. Watoto wa kijiji nao wanauza maji na kutuambia ni wapi simu inashika vizuri. Kijiji kizima kinaijua safari yetu kuliko sisi tuliolipa.

Usitwambie kwamba ndivyo usafiri ulivyo. Makanga wa Thika Road, pamoja na maudhi yake yote, matatu ikifa Juja anafungua mdomo. Anasema gia imekatika, na akibanwa anakurudishia chenji au anakusukuma kwenye gari la mwenzake. Ni mkorofi, lakini anajua umembebesha jukumu.

Sababu ya kusimama tunaijua pia, si wajinga. Njia ni moja, na magari mawili yakikutana lazima moja lingoje kituoni lenzake lipite. Reli hii ilifika Thika mwaka 1913, na kwenye makaratasi ya wakati huo iliitwa tramu. Ilivutwa hadi Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikibeba kahawa na mkonge wa walowezi. Gunia la kahawa haliulizi kwa nini limelala Mitubiri. Ikaja ikaachwa na kumezwa na nyasi miaka mingi, mpaka 2020 ilipofufuliwa. Vyuma vilinyooshwa, mabehewa yakapakwa rangi, ila ile desturi ya kumchukulia abiria kama gunia hakuna aliyeigusa.

Wenzetu wa Ruiru wanaokwenda kazini Nairobi kila asubuhi wanatucheka: nyinyi mnakwama mkienda kutembea, sisi tunakwama tukienda kutafuta unga. Wao wakisimama kabla ya Githurai, ambako wachuuzi hupanga nyanya kandokando ya reli na kuziondoa honi ikilia, wanachowaza ni mwajiri anayekata mshahara kwa kuchelewa. Na wakirudi kwenye barabara, ile barabara pana iliyozinduliwa 2012 kwa shangwe, wanakuta foleni. Mvua ikinyesha, nauli inapanda hapo hapo stendi. Kwa hiyo wanarudi relini, wakinung'unika.

Hatudai reli ya umeme. Tunataka mtu mmoja apite kila behewa na kusema: injini imekufa, nyingine inatoka Nairobi, mtakaa saa tatu. Hapo anayewahi mazishi Karatina atachukua boda boda hadi Kenol akapande matatu, mwenye mtoto mchanga atatafuta uji kijijini, na sisi wengine tutalala kwa amani. Aliyekatiza safari kwa sababu hiyo arudishiwe kiasi cha pesa zake, tena palepale, si baada ya kujaza fomu mjini.

Na choo. Behewa letu lina kimoja, kimefungwa kwa waya, na watu wa Mitubiri wamechoka kutuazima vya kwao.