Nyumba Imfaayo Mtoto wa Kutikisa Kichwa

Huko Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, wazazi wanaufahamu vyema ugonjwa wa kutikisa kichwa. Huwashika watoto waliozaliwa wazima, hasa wenye umri wa miaka 3 hadi 18. Mtoto huketi kula, mara kichwa kikaanza kushuka na kuinuka, naye asimsikie amwitaye. Baadaye huweza kuanguka kifafa, akili ikadhoofika na mwili ukadumaa. Chanzo chake hakijathibitishwa, ijapokuwa wataalamu wameona kwamba huandamana na usubi, maradhi yaletwayo na inzi weusi wa mitoni.

Mara nyingi kimwuacho mtoto huyo si ugonjwa wenyewe, bali ni moto au maji. Ndiyo sababu kina mama wengine, walipokwenda shambani, waliwafunga watoto wao kamba mtini. Watu wa mbali waliwalaumu sana. Lakini mama mwenye jembe moja na watoto sita, tena asiye na wa kumwachia, angefanyaje?

Mwaka 2012 Serikali ilifungua vituo vya matibabu, na dawa za kifafa zikawapunguzia wengi mianguko. Mwaka huo huo watu wa hiari walianzisha kituo huko Odek. Hapo watoto walilishwa vizuri, wakapewa dawa kwa wakati na kufundishwa. Kumbe hata aliyedhaniwa kuwa amekwisha aliweza kujifunza tena! Mwaka 2017 kituo hicho kilifungwa kwa kukosa fedha, watoto wakarudi kwao.

Basi makao ya mtoto huyo ni nyumba ya wazazi, nayo haina budi kutengenezwa. Alale chini juu ya godoro au mkeka. Jiko lizungushiwe ua, na maji yawekwe katika madumu yenye vifuniko. Asiende kisimani wala mtoni peke yake. Katika nyumba za askari, ambako sigiri huwashwa mlangoni na watoto hupita mbio, jambo hili lataka mapatano na jirani, hasa baba akiwa zamu.

Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla, maana mianguko hurudi kwa nguvu. Baba akihamishwa kikosi, mama aombe dawa za kutosha kabla ya kufungasha vyombo, na karatasi ya zahanati aichukue mkononi, si ndani ya sanduku.